Mwalimu Aliyechemsha Miwani

Kwanza ieleweke kwamba Mwalimu mwenyewe hakuvaa miwani. Alikusanya za wengine. Akifa mzee yeyote kati ya Kasulo na Kibimba, wa kwanza kufika msibani alikuwa katekista, wa pili mwenye maturubai, wa tatu mwalimu wetu wa fizikia na koti lake la kijivu. Alitoa pole, akakaa siku zote za matanga kama binadamu wengine, akala maharage na ugali wa muhogo, akabeba hata viti. Watu walipoanza kutawanyika ndipo alipouliza kwa sauti ya chini kama marehemu aliacha miwani.

Tulikuwa na majina mengi ya kumwita, na hakuna linalofaa kuandikwa. Nitamwita Mwalimu tu. Naandika "alikuwa" kwa sababu hafundishi tena, si kwa sababu nyingine.

Akipewa miwani, aliichomoa lenzi na kuigonga kwenye meno yake ya mbele. Lenzi ya kioo inalia. Ya plastiki inanyamaza. Zilizolia alizirudisha kwa shukrani, zilizonyamaza aliziweka mfukoni. Watoto wa shule ya msingi walimwogopa kwa ajili hiyo. Walidhani anaonja macho ya wafu.

Bibi yangu alidhani zaidi ya hapo. Babu alipofariki, Bibi alimkabidhi Mwalimu miwani yake kwa mikono miwili, akamwambia, "Mwarimu, ukishaichemsha uniambie alikuwa anaangaria nini jioni zile, maana alikuwa anakaa pale mlangoni haongei." Bibi ni Mhangaza wa damu, l na r kwake ni mapacha.

Mimi nilikuwa pembeni nikijiziba mdomo. Mwalimu hakucheka. Alimjibu, "Mama, hii haishiki picha. Inashika kilichoigonga tu."

"Basi uniambie kirichomgonga," Bibi akasema.

Miezi mitatu baadaye alirudi kwa miguu, kilomita saba, kumwambia Bibi kwamba ameona vishimo kumi na tisa, na kwamba ni vya hewa itokayo kwenye udongo na mawe ya nyumba, ile iitwayo radoni, ambayo iko kila nyumba. Bibi alifikiri kidogo. "Kumi na tisa," akasema. "Si vingi." Tangu siku hiyo alikuwa anamtumia ndizi.

*

Sasa nieleze, maana mtu anaweza kudhani namchafua. Plastiki ile ya lenzi, ikipigwa na kitu kidogo mno, kidogo kuliko atomi, lakini chenye uzito na mwendo, inapata jeraha. Jeraha halionekani. Unaweza kuitazama mwaka mzima, imekaa safi kama dirisha la benki. Lakini ukiitia kwenye maji ya kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, ukaipasha moto saa nyingi, kostiki inaila plastiki polepole, na pale palipojeruhiwa inakula haraka zaidi. Kinabaki kishimo. Hapo unaiweka chini ya hadubini na kuhesabu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka kumi na moja, huko kwenye nchi ya baridi, kwenye jengo lenye leza, mashine ya kupiga kwa mwanga, kubwa kuliko bwalo letu la chakula. Leza ile hupiga mara moja, kwa muda mfupi kiasi kwamba ukisema "mfupi" umeshachelewa. Inapiga kikaratasi cha chuma. Elektroni zinatoka mbio, zinagonga chuma kingine, inazaliwa mionzi ya gama. Gama inaingia kwenye kiini cha atomi na kukitikisa kama unavyotikisa mparachichi wa jirani, na parachichi moja linadondoka. Parachichi ndilo nyutroni.

"Na wewe, Mwalimu, ulikuwa unafanya nini hapo?" tulimwuliza.

"Kuokota maparachichi gizani."

Nyutroni yenyewe, alisema, haiachi alama. Inampiga mwingine, protoni aliyetulia zake ndani ya plastiki, na huyo ndiye anayekwenda kuumiza. Nilisema kwa sauti kwamba basi ni kama mwizi wa kuku, humwoni yeye, unaona kuku wakiruka. Darasa likacheka. Mwalimu akaandika ubaoni: *Nyutroni: mwizi wa kuku*. Akapiga mstari chini yake, akaendelea. Ilikuja kwenye mtihani wa ndani, swali la saba.

Nyumbani kwake alikuwa na kopo la majani ya chai. Ndani ya kopo, vimefungwa kwenye karatasi ya aluminiamu na utepe mweusi, vilikuwamo vipande viwili vya plastiki ya aina ile, vyote bado havijachemshwa. Kimoja kilikuwapo mbele ya leza siku moja. Kingine hakikuwapo, kilikaa kwenye droo, na kazi yake ilikuwa ya kulinganishia tu. Alikiita Pacha.

Habari ya kopo alitupa yeye mwenyewe, siku msichana mmoja wa mbele alipomwuliza kwa nini alirudi Ngara kufundisha watu wanaosinzia. Siku ile ya leza, alisema, mashine zote za umeme zilisoma sifuri. Yeye alikuwa ametega vipande viwili vya plastiki. Alichemsha kimoja akakuta vishimo mamia, zaidi ya mtu yeyote alivyotarajia. Wakubwa zake wakasema ni uchafu, ameacha plastiki mahali pabaya kabla ya siku ile, au ameichemsha vibaya. Wakamwambia achemshe cha pili mbele yao. Akasema kesho. Kesho akasema wiki ijayo. Mkataba ukaisha, akakifunga, akapanda ndege nacho.

"Kwa nini hukukichemsha?" yule msichana akauliza.

"Kikichemshwa hakichemshwi tena."

"Sasa utajuaje kama ulikuwa sahihi?"

Mwalimu akafuta ubao, ingawa haukuwa na kitu. "Ndiyo hivyo," akasema.

*

Mtu aliyekaa miaka kumi na moja jirani na leza ile alikuwa anaogopa radi. Si kuogopa kwa kushtuka, hapana, kuogopa kwa kuingia chini ya meza. Na Ngara radi si mgeni. Wingu likikusanyika upande wa Burundi, tulikuwa tunamwangalia yeye badala ya ubao. Ngurumo ya kwanza alimeza mate. Ya pili aliangusha chaki kwa makusudi. Ya tatu alikuwa chini ya meza anaitafuta, na aliitafuta hadi mvua ilipokatika, huku akiendelea kufundisha kutoka huko huko.

"Mwalimu," nilimwambia siku moja, nikiinama kumwona, "si ulikuwa unalala na radi ya kutengenezwa?"

"Ile," akajibu kutoka chini, "nilikuwa najua saa yake."

Misa alikwenda kila Jumapili, benchi la mwisho pale kigangoni. Mahubiri yakianza alitoka, yakiisha alirudi. Paroko alipomwuliza, alisema mahubiri anayasikia vizuri zaidi akiwa nje. Sadaka alitoa. Kwaya aliisifu. Wakati wa kipindi cha kumbikumbi alikuwa wa kwanza kuchimba shimo chini ya taa ya shule na wa mwisho kugawa.

Na huyu bwana aliyekuwa anaona jeraha lisiloonekana kwenye plastiki, alikuwa haoni mbuzi barabarani. Alizisalimia nguzo. Malori ya kwenda Rusumo yalimpigia honi hadi madereva wakamzoea. Tulidhani ni mawazo ya kisomi. Ilikuwa presha ya macho, ilikuwa inamla pembeni polepole, na hakumwambia mtu. Mtu mwenye debe zima la miwani.

*

Kostiki alinunua kwa Mama Sabuni, Msukuma aliyehamia Kasulo na ng'ombe wachache na maneno mengi. Kila mara ilikuwa vita.

"Mwalimu, unapika nini leo?"

"Miwani, mama."

"Imeiva ile ya juzi?"

"Bado ngumu."

"Tia magadi," Mama Sabuni akasema, akamfungia kostiki yake kwenye mfuko, na akina mama wote wa sokoni wakajipangusa machozi. Mwalimu alikuwa anatabasamu njia nzima ya kurudi. Kwa upande wa utani huyu mama alikuwa mwalimu wangu mimi.

Yeye ndiye aliyenionya kuhusu sufuria, na mimi ndiye niliyemwona hana akili. Tulikuwa kidato cha pili, zamu yangu kutayarisha kostiki. Maabara ilikuwa na chombo kimoja cha stili na kilikuwa na mabaki ya chura wa biolojia. Nikaenda jikoni kwa mpishi nikaazima sufuria ya aluminiamu, kubwa, ya uji. Nikatia maji, nikatia kostiki, nikaiweka kwenye jiko la maabara.

Aluminiamu na kostiki hawapatani. Sufuria ilianza kuchemka kabla moto haujashika. Ikatoa povu jeusi, ikatoa moshi, ikaunguruma kama ina neno la kusema, na sisi tukatoka kwa madirisha. Tuliporudi ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Mwalimu aliiokota kwa koleo, akaitazama dhidi ya mwanga kwa jicho moja, lile lililokuwa na nafuu. "Hongera," akaniambia. "Leo umejua kwa nini Mama Sabuni anatumia ndoo ya plastiki." Kisha alinipeleka kwa mpishi, akasimama karibu yangu, na akasema sufuria ameiharibu yeye. Uji wa wiki ile ulipikwa kwenye pipa. Sikumwuliza kwa nini alisema vile, na yeye hakunidai shukrani.

Baada ya hapo kostiki yetu ilikaa kwenye chupa ya kioo, na chupa ikakaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Na sheria yake: kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, maji hayatiwi kwenye kostiki. "Mgeni humfuata mwenyeji," alikuwa anasema. "Mwenyeji akimvamia mgeni, nyumba inaungua."

*

Kulikuwa na daftari la kuhesabia. Ukihesabu vishimo, unaandika idadi, na pembeni unaweka jina la mhesabuji. Mimi sikuwahi kuweka langu. Niliweka Askofu wa Kumbikumbi. Niliweka Katibu Mkuu wa Mbuzi. Wiki moja niliweka jina la mkuu wa shule na cheo cha Msaidizi wa Mpishi. Mwalimu alisoma daftari lile mbele ya darasa bila kubadilisha uso: "Baba Askofu amepata arobaini na moja. Katibu Mkuu amepata thelathini na nane. Nani amegeuza?"

Kugeuza ilikuwa sheria nyingine. Unahesabu mara tatu, na ya tatu unageuza plastiki juu chini, kwa sababu jicho, alisema, huwa linakumbuka njia na kuanza kuhesabu kumbukumbu.

Siku moja nilichukua ncha ya bikari nikatoboa vidoti kwenye plastiki safi, kama sitini hivi. Nilikaa nusu saa nikivitawanya vizuri, kimoja huku, kimoja kule. Nikaiweka kwenye foleni ya kuhesabiwa. Nilitaka nimwone akirukaruka.

Aliiweka chini ya hadubini. Akakaa. Akasema, "Hivi vyote ni vya mtu mmoja."

"Mtu gani, Mwalimu?"

"Mtu mwenye adabu." Akaniita nitazame. "Angalia, hakuna hata kimoja kinachomkanyaga mwenzake. Binadamu akitawanya hutawanya kwa adabu. Anaogopa kuviweka viwili pamoja, watasema amepanga. Maumbile hayaogopi. Yanaweka vitano mahali pamoja na kuacha uwanja mzima mtupu." Akanirudishia plastiki. "Ukitaka kunidanganya jifunze kukosa adabu kwanza."

Kwa mtu kama mimi hiyo ni sifa kubwa au tusi kubwa. Hadi leo sijaamua.

*

Mama yangu alikufa nikiwa kidato cha pili, muhula wa pili. Nasema hivyo hivyo kwa kuwa sina namna nyingine ya kulisema. Alizikwa Jumanne, mvua ikinyesha, na mmoja wa waliobeba jeneza aliteleza kwenye matope akakaa chini, akabaki ameshika mpini kama abiria. Ijumaa nilikuwa shuleni nikiigiza jinsi alivyoteleza. Wenzangu walicheka, kisha wakaacha kucheka mmoja mmoja, mimi nikaendelea. Sikulia. Nilisubiri kulia kama unavyosubiri kupiga chafya. Haikuja. Chakula kilikuwa chakula, kitanda kilikuwa kitanda. Watu walisema pole, nikasema asante, kama nimepewa chenji.

Mwalimu hakusema pole. Kwenye mazishi alikuwapo, alibeba viti, lakini pole hakusema, na miwani hakuuliza, ingawa Mama alikuwa nayo ya kusomea Biblia. Ijumaa ile alinibakiza baada ya kipindi, akanipa plastiki nihesabu, akakaa upande wa pili akisahihisha madaftari. Akaanza kuongea bila kuniangalia.

Alisema leza ikipiga, gama zote zinafika kwa pamoja, maana zinakwenda kwa kasi ya mwanga. Zile mashine za umeme, za bei ya kununua kata nzima, zinapigwa na wimbi hilo mara moja. Nyutroni ni nzito, ziko nyuma, zinakuja na mwendo wao. Zinapofika, mashine ipo pale pale, taa inawaka, lakini haisikii kitu.

"Imekufa?" nikauliza.

"Haijafa. Imeshikwa na ganzi. Ukiiuliza inasema sifuri, na kwa upande wake haidanganyi."

"Sasa inafaa nini?"

"Inafaa. Unaisubiri." Akapiga vema kwenye daftari la mtu. "Au unaweka plastiki pembeni yake. Plastiki haina haraka ya kusema."

Nilijua ananisema mimi. Nikajifanya nimepotea hesabu, nikaanza upya. Kila Ijumaa hadi muhula unaisha nilibaki pale nikihesabu, yeye akisahihisha, na hatukulirudia jambo lile hata mara moja. Kwenye daftari nilijiita Mheshimiwa Sifuri. Alilisoma darasani kama mengine.

*

Alistaafu nilipokuwa kidato cha nne. Tulimpa godoro. Macho yalikuwa yameisha karibu yote, na binti wa dada yake akaja kumchukua kwenda kukaa naye Nyantakara, Biharamulo huko, kwenye mahindi na upepo. Hadubini yake ndogo ya zamani aliibeba mwenyewe mapajani. Kopo la chai alilishika mkononi.

Likizo ya kidato cha tano simu ikaingia. Alikuwa yule binti.

"Mjomba anasema uje, na kilo moja ya kostiki."

"Anasema nani? Mimi?"

Nikamsikia akiuliza kule nyuma. Akarudi. "Anasema yule mwongo."

Nikanunua kostiki kwa Mama Sabuni. Aliuliza ni ya nini, nikamwambia Mwalimu amenituma. Akaipima, akaongeza kiganja kizima juu ya kilo, na hakutania. Basi la alfajiri lilinishusha Nyakanazi, nikapanda bodaboda, na kabla ya saa mbili asubuhi nilikuwa uani kwao na vumbi hadi masikioni.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, koti lile lile. Alinitazama kidogo kando yangu, mahali ambapo labda bado palikuwa na mwanga.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Askofu wa Kumbikumbi."

"Karibu, Baba Askofu. Umeleta?"

Kopo lilikuwa juu ya meza, limefutwa vumbi. Nikaelewa, na sikufurahi kuelewa.

"Mwalimu, kwa nini mimi? Wapo waliopata A. Yupo yule aliyekwenda chuo kikuu."

"Hao wananipenda," akasema. "Wakiona vibaya watanidanganya. Wewe hujawahi kunionea huruma hata siku moja."

"Siku ile ya sufuria nilikuonea."

"Siku ile ulikuwa unaionea sufuria."

Binti wa dada yake, mama mtu mzima mwenye mtoto mgongoni, alituachia jiko la mkaa. Nikatia kostiki kwenye maji, kidogo kidogo, chupa ikawa ya moto mikononi bila moto. Mwalimu alisikiliza mlio wake. "Taratibu," akasema mara moja tu. Nikalifungua kopo. Utepe mweusi ulikuwa umekuwa gundi. Vipande viwili, kila kimoja kama ukucha wa dole gumba, safi kabisa, havina kitu. Pacha alikuwa amekatwa pembe ili asichanganywe na mwenzake. Nikamshikisha Mwalimu apapase ile pembe. Akaipapasa mara mbili.

"Tia," akasema.

Nikatia. Hapo ndipo hakuna kurudi.

Saa sita zilipita hivyo. Ilitakiwa maji yasichemke, yawe ya moto tu, kwa hiyo mmoja anaangalia kipimajoto na kuongeza au kuondoa kaa. Huyo mmoja alikuwa mimi. Mama yule alipita na ungo wa mchele anapepeta, akachungulia sufuria. "Hiyo ndiyo mboga ya mchana?"

"Miwani," Mwalimu akamjibu.

"Haya. Mimi nimeweka dagaa, ikishindikana."

Saa nane na nusu nikavitoa, nikavisuuza, nikavikausha kwa kitambaa cha pamba. Hadubini tuliiweka dirishani kwenye mwanga. Nilianza na Pacha. Thelathini na moja. Thelathini na moja. Nikageuza, thelathini. Hii ilikuwa hewa ya kawaida na miaka ya kukaa tu, haina ubaya. Kisha nikaweka kile kingine.

Ninajua mamia yanavyoonekana. Ungeliweka jicho mara moja ungeyaona, kama uso wa mwenye ndui. Niliweka jicho. Uwanja ulikuwa mtupu, kishimo kimoja, mtupu, viwili vimekanyagana, mtupu. Nilihesabu polepole. Nikahesabu tena. Nikageuza. Nikatamani zamu hii jicho likumbuke kitu ambacho hakipo.

Mwalimu alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha.

Nilikuwa na uwezo wa kusema namba yoyote. Mia nne. Hakuna mtu Biharamulo nzima ambaye angenipinga. Nimedanganya kwa sababu ndogo zaidi ya hiyo, nimedanganya kwa andazi. Na hapo, nikiwa na jicho kwenye hadubini, kifuani pakaniuma mahali ambapo palikuwa hapajauma tangu Jumanne ile ya matope. Nikakaa na jicho pale pale ili wasinione.

"Pacha?" akauliza.

"Thelathini na moja."

"Na mwenzake?"

Mtoto mgongoni kwa mama alikuwa anakohoa. Kuku alipita mlangoni, akatazama, akaondoka.

"Umechelewa," Mwalimu akasema.

"Thelathini na tatu, Mwalimu."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Ya tatu umegeuza?"

"Nimegeuza."

Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya mtu akijibu sawasawa darasani. "Basi ni Pacha na Pacha," akasema. "Basi ulikuwa uchafu wangu, na wale watu walisema kweli. Nao walikuwa wamelisema kwa ukali sana, ndiyo maana sikuchemsha mbele yao."

"Au zimefifia," nikasema. Sauti yangu ilitoka mbio. "Wewe ndiye uliyetufundisha alama zikikaa sana kwenye joto hufifia. Imekaa miaka yote hii chini ya bati, Mwalimu. Ngara, halafu huku. Zinaweza kuwa zilikuwapo."

Akageuza uso, na safari hii ulinielekea mimi kabisa.

"Hiyo umeisema kwa fizikia au kwa huruma?"

Ningeweza kumtania. Nilitafuta utani, nikakuta hakuna.

"Kwa huruma," nikasema.

"Asante. Lakini ni fizikia pia. Chukua daftari."

Lilikuwa lile lile, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alinitajia, nikaandika: kipande cha kwanza, thelathini na tatu, Pacha, thelathini na moja, hakuna tofauti. Chini yake: alama zinaweza kuwa zimefifia, kwa sababu kipande kilicheleweshwa kuchemshwa. Akanifanya nirudie mstari wa mwisho. "Andika kilicheleweshwa na nani," akasema. Nikaandika.

"Sasa weka jina la mhesabuji."

Yalinijia yote kwa pamoja, Askofu, Katibu Mkuu, Mheshimiwa Sifuri, yakasimama foleni kwenye ncha ya kalamu. Nikaandika langu. Yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, pamoja na lile alilonipa Mama ambalo siruhusu mtu aliite shuleni.

"Umeandika nani?"

Nikamwambia.

Akayarudia polepole, jina moja moja, kwa sauti ile ile ya kusoma daftari mbele ya darasa. Kisha akamgeukia mama aliyekuwa mlangoni.

"Huyu hajawahi kuhesabu kwetu," akasema. "Mkaribishe dagaa."